Mahubiri Yasiyo na Amina

Siku Mchungaji Ambokile alipochukuliwa, kwaya ngeni iliimba vibaya sana. Hilo ndilo jambo ambalo watu wa usharika wa Ilundo hulitaja kwanza, kabla hawajataja lingine lolote. Walikuwa wanaume watupu, wamevaa majoho ya bluu yaliyowaishia magotini, na chini ya majoho viatu vizito vyenye tope jekundu la barabara kuu. Walisema wametoka usharika wa mbali, wamekuja kumsifu Mungu pamoja na ndugu zao. Wakapewa benchi la pembeni na nafasi ya wimbo mmoja.

Walipoanza kuimba, Tusekile, kiongozi wa kwaya ya akina mama, alimwinamia Subilaga, mke wa mchungaji.

"Mama Mchungaji, hawa wa besi mbona wanaimba kama watu wanaosukuma kabati?"

Subilaga aliuma mdomo asicheke. Alikuwa amekaa benchi la mbele, mahali pake pa siku zote, na kilemba chake cha kijani kichwani.

Kilemba kile kilikuwa na kazi. Mumewe alipenda kuhubiri, na mtu anayehubiri hasikii njaa ya wanaomsikiliza. Kwa hiyo tangu walipooana walikuwa na mapatano yao: Subilaga akikifungua kilemba na kukifunga upya, maana yake watu wamechoka, baba, funga. Wenyewe waliamini kwamba ni siri yao wawili. Kumbe usharika mzima ulijua. Akina mama walioacha maharage motoni walikuwa wakikitazama kisogo cha Subilaga na kumwombea awashwe.

Siku ile hakukigusa. Mahubiri yalikuwa mazuri. Mchungaji alikuwa akisimulia kisa cha yule mfalme wa zamani aliyetamani shamba la mizabibu la jirani yake; jirani akakataa kuliuza, jirani akauawa, mfalme akalichukua shamba. Ni kisa ambacho kila mtoto wa kipaimara anakijua. Ni kweli kwamba wiki hiyohiyo, huko bondeni, mzee mmoja aliyekataa kuuza shamba lake la migomba alikutwa mtoni, na kabla matanga yake hayajaanuliwa, nguzo za uzio wa nyumba ya mapumziko ya Mtukufu Rais zilikuwa zimekwisha simikwa pale pale. Lakini Mchungaji hakulitaja hilo. Alisimulia tu habari za zamani.

"Mfalme akashuka kulitazama shamba," alisema. "Amefurahi. Shamba lenyewe zuri. Ndipo nabii akamkuta humo shambani, akamwambia..."

Kwaya ngeni ikasimama.

Walipanda mimbarini kwa adabu. Mmoja alimshika Mchungaji mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, kama watu wanaomsaidia mzee kushuka ngazi. Mchungaji aligeuza uso akamtazama mkewe, akakitazama kilemba, kana kwamba anauliza kama amezidisha. Wakatoka naye kwa mlango wa nyuma, wa sakristia. Gari likawashwa nje. Miwani yake ilibaki juu ya Biblia iliyo wazi.

Hakuna aliyeinuka. Ilundo hawainuki kabla ya Amina. Wazee wao waliwafundisha kwamba neno lisilofungwa kwa Amina ni kama nyumba iliyoachwa bila mlango: usiulize tena kitakachoingia. Mhubiri husema Amina, watu huitikia Amina, ndipo magoti hunyooshwa. Basi wakakaa. Mchana ukapita. Watoto wakalala mapajani mwa mama zao. Jua lilipokuwa linazama, Anyosisye, mzee wa kanisa, akajikongoja mpaka mbele, akakohoa.

"Jamani, twendeni tukale. Mahubiri hayajaisha. Jumapili tutarudi tuendelee kusikiliza."

Mzee wa watu hakujua kwamba kwa maneno hayo ameitia serikali nzima katika matatizo.

*

Nchi ile ilikuwa na sheria nzuri, na katika zote, nzuri kupita kiasi ilikuwa Sheria ya Urefu wa Mahubiri. Ilitungwa baada ya Mtukufu Rais kuhudhuria ibada ya Pasaka katika mji mkuu, mhubiri akasema "namalizia" na kuendelea mpaka chakula cha Ikulu kikapoa. Mtukufu hakukasirika. Aliunda tume tu. Wajumbe wa tume walizunguka nchi nzima wakisikiliza mahubiri, wengine macho, wengine usingizini, na mwisho wakaleta ripoti iliyowashtua wakubwa. Iligunduliwa kwamba muumini wa kawaida husikiliza kwa dakika kumi na mbili, na baada ya hapo huanza kufikiri. Kufikiri kukianzia kanisani, ripoti ilisema, haijulikani kutaishia wapi.

Basi dakika zikawa kumi na mbili. Ikaundwa Wizara ya Ibada Fupi na Utulivu. Kazi ya mahubiri ikaainishwa: kushukuru, kuliwaza, na kutangaza tarehe za chanjo ya mifugo. Neno "namalizia" likaruhusiwa mara moja tu kwa ibada. Katika kila kanisa ikafungwa saa ya serikali, kubwa kama sinia, ikitazamana na mimbari, na juu yake balbu nyekundu ya kuwaka dakika zikizidi. Kila Jumapili Mkaguzi wa Mahubiri alikaa chini ya saa hiyo kuisimamisha Amina inaposemwa.

Wahubiri nao ni binadamu. Wapo waliokuwa wakiketi bila kusema Amina, saa ikasimamishwa, kisha wakainuka na kusema, "Nyongeza kidogo tu, wapendwa." Kuwakomesha hao, Wizara iliongeza kifungu: mahubiri hayatahesabiwa kuwa yamekwisha mpaka mhubiri mwenyewe aseme Amina na waumini waitikie, na mpaka hayo yatokee, mhubiri atahesabiwa kuwa yumo mimbarini. Waliotunga kifungu hicho walipewa nishani.

Mchungaji Ambokile hakuwahi kubishana na sheria. Alipoulizwa mahubiri yawe marefu kiasi gani, alisema, "Maharage nayo huyaulizi saa. Unatafuna moja." Watu wakacheka. Mkaguzi naye alicheka, kisha akaenda kuyaripoti.

*

Subilaga alikwenda kituo cha polisi kuandikisha kwamba mumewe amepotea. Askari wa zamu alimsikiliza kwa heshima, akamletea kiti.

"Mama, mtu aliyepotea ni mtu asiyejulikana alipo."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mchungaji anajulikana alipo."

Subilaga aliinuka kitini. "Yuko wapi?"

"Mimbarini. Tumeuliza Wizara. Amina haijasemwa, kwa hiyo mume wako bado anahubiri. Nikimwandika mtu amepotea naye yuko kazini, mimi nitaonekanaje?"

Subilaga akarudi nyumbani. Majirani walikuwa wameanza kuja na kuni na sukari, wametandika mikeka uani, maana moyo wa mtu huwahi kujua. Mwenyekiti wa kijiji akapita na baiskeli akawatawanya kwa upole. Haifai, alisema, kumlilia mtu aliye kazini. Ni uchuro, tena ni kosa. Mikeka ikakunjwa. Subilaga alibaki na sukari ya watu ndani na machozi asiyoruhusiwa kuyatoa. Mjane si mjane, mke si mke. Usiku na mchana alitaka jambo moja tu, dogo, ambalo hata maskini wa mwisho hanyimwi: amzike mume wake.

Jumapili ikafika, watu wakarudi kuendelea kusikiliza.

Wakaimba, wakasali, wakafika mahali pa mahubiri, wakanyamaza. Mimbari tupu mbele yao. Saa ya serikali ikigonga, balbu nyekundu ikiwaka. Ilundo ni nchi ya baridi, na asubuhi pumzi za watu wengi zilipojaa kanisani, vioo vya ile miwani juu ya Biblia vilipata ukungu, kisha ukatoweka taratibu, kisha ukarudi. Watu waliona. 

Dakika ya kumi na mbili ikapita, nao, kama ripoti ilivyotabiri, wakaanza kufikiri. Yule nabii alimwambia nini mfalme? Kila mtu alilijua swali ambalo nabii alimwuliza mfalme aliyeua. Ni fupi, lina damu ndani yake na lina shamba. Lilikuwa limening'inia pale tangu Jumapili ile, na sasa kila mmoja alilisikia kwa sauti aliyoijua.

Walipotoka, bila Amina, bibi mmoja alijifuta jasho. "Leo kanisema mimi," alisema. Fundi seremala akadai hapana, leo Mchungaji alikuwa anamsema yeye, kuhusu mpaka wa kaka yake. Jioni alionekana akiung'oa mpaka na kuurudisha ulipokuwa.

"Hajawahi kuhubiri vikali hivi," alisema Mzee Anyosisye.

 Mahubiri yote ya mumewe Subilaga alikuwa akiyajua tangu yakiwa minong'ono ya jikoni, lakini haya ya sasa alikuwa anayasikia pamoja na watu wengine, kama mgeni.

*

Wizara haikuwa na haraka mpaka ilipofika siku ya kuandaa taarifa ya mwaka. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba wastani wa urefu wa mahubiri kitaifa, uliokuwa umeshushwa kwa jasho jingi, umepanda ukapita hata wa enzi za giza. Wataalamu walihesabu, wakarudia. Makanisa yote yalikuwa yametii. Ila moja, milimani, mhubiri alikuwa hajapumzika tangu mwanzo wa mwaka.

Mheshimiwa Waziri alipiga meza. "Mnyamazisheni!"

"Amekwisha nyamazishwa, Mheshimiwa," alijibu katibu. "Hilo ndilo tatizo."

Wanasheria waliitwa. Kumshusha mhubiri mimbarini kwa tangazo kungekuwa kukiri kwamba hayumo. Kukiri kwamba hayumo kungeleta swali la alipo. Wakatafuta njia ya katikati, na kwa kuwa walikuwa wasomi, wakaipata: Amina ya Uwakilishi. Mhubiri akizama mno katika mahubiri yake, mkewe anaweza kupanda na kusema Amina kwa niaba yake.

Habari hiyo ililetwa na Bwana Gwandumi, Mkaguzi wa Mahubiri wa wilaya, aliyekuwa akikaa chini ya ile saa kila Jumapili. Alimkuta Subilaga jikoni anamenya ndizi pamoja na Tusekile.

"Hodi humu."

"Umekuja na saa au bila saa?" Tusekile aliuliza bila kugeuka.

"Bila saa, dada."

"Basi karibu. Leo utakaa kama mtu."

Gwandumi aliketi kwenye kigoda, akapewa chai. Alikuwa amefundishwa kipaimara na Mchungaji, na hakujua aelekeze wapi macho yake. "Mama, nimetumwa. Jumapili Waziri anakuja mwenyewe. Ukipanda, ukasema Amina mara moja tu, watu wakaitikia, mambo yamekwisha."

"Yamekwisha vipi?"

"Mahubiri yatakuwa yameisha salama. Itaandikwa kwamba Mchungaji alishuka mimbarini, akaenda zake kwa miguu yake."

"Halafu?"

Gwandumi alitazama mlango. "Halafu, mama, watakuonyesha mahali."

Kisu kilisimama juu ya ndizi.

"Mahali gani, Gwandumi?"

Gwandumi alikizungusha kikombe mkononi.

"Si mlisema yuko mimbarini? Nakuuliza wewe, mwanangu. Mahali gani?"

"Mimi sikufika, mama. Nimesikia tu." Alikuwa akiongea na mikono yake. "Wanasema ni pazuri. Pana uzio. Ng'ombe hawaingii."

Katika wilaya ile nzima kulikuwa na uzio mmoja tu mpya, ule wa bondeni, penye migomba.

Tusekile aliinuka taratibu, akamwondolea Gwandumi kikombe cha chai mkononi ingawa hakikuwa kimeisha. "Nenda nyumbani, kaka," alisema. "Chai yetu ya moto hii, itakuunguza."

Subilaga aliendelea kumenya ndizi. Alimenya zote, hata zile za kesho. Kwa mara ya kwanza alijua kwa hakika, na kwa mara ya kwanza alijua pia bei yake: neno moja, ambalo alilisema kila siku kabla ya kula. Angesema neno hilo, angepewa mwili wa mumewe, auoshe, auvike, aulaze kwenye ardhi ya kwao kwa nyimbo. Na kwa neno hilohilo angekuwa ameshuhudia mbele ya Mungu na usharika kwamba mume wake alitoka kwa miguu yake.

*

Jumapili hiyo Mheshimiwa Waziri aliwasili na magari yenye vumbi na kwaya yake mwenyewe. Tusekile aliwatazama viatu kabla ya kuwatazama nyuso.

Waziri hakuweza kupanda mimbarini, kwa kuwa kisheria mlikuwa na mtu. Akasimama chini, sakafuni, na ilibidi anyanyue shingo.

"Ndugu waumini wananchi!" alianza. "Ufupi ni uzalendo! Mwenyezi Mungu aliumba ulimwengu kwa maneno machache, je, sisi ni nani tuseme mengi? Taifa linalomsikiliza mhubiri mchana kutwa litalima saa ngapi? Serikali yenu sikivu haipingi Neno. Serikali inapenda Neno. Inalipenda likiwa dogo, kama tunavyopenda watoto!"

Aliendelea kuusifu ufupi mpaka vivuli vya madirisha vikahama benchi. Alisema "namalizia", watu wakakunja kidole kimoja. Akasema tena, wakakunja cha pili. Walipofika kidole gumba alifuta uso kwa leso, akamnyooshea Subilaga mkono. "Karibu, mama yetu. Neno moja tu."

Subilaga akainuka. Alipofika kwenye ngazi za mimbari alisimama. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kupanda pale. Palikuwa pa mumewe. Kwa mazoea ya mtu aliyelelewa vizuri, akasema kwa sauti ndogo:

"Hodi."

Kanisa zima likashika pumzi. Hata Waziri aligeuza kichwa, kama mtu anayesubiri jibu.

Akapanda. Kutoka juu aliona alichokuwa akikiona mumewe: nyuso za watu, saa kubwa kama sinia, na benchi la mbele likiwa na pengo mahali pake. Biblia ilikuwa na vumbi. Vioo vya miwani vilikuwa na ukungu. Aliitwaa, akaifuta kwa pindo la kitenge chake, taratibu, kila kioo, akaitazama kwenye mwanga kama alivyokuwa akimfutia kila Jumapili asubuhi.  Wote walijua anachokitaka, na hakuna ambaye angemlaumu. Mzee Anyosisye alikuwa amekwisha inamisha kichwa, tayari kuitikia.

Subilaga alitafuta mstari kwa kidole.

"Ndipo nabii akamkuta humo shambani," alisoma, "akamwambia..."

Akanyamaza. Akainua macho, akamtazama Waziri.

Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama tu, kama mtu aliyeuliza jambo na ana nafasi ya kusubiri. Watu wote wakageuka wakamtazama Waziri pia. Saa ikagonga. Mbuzi aliyelia nje aliwashtua watu. Waziri alifungua mdomo, akaufunga, akailegeza tai.

"Amina, mama," alinong'ona. "Sema Amina."

Subilaga aliirudisha miwani juu ya Biblia, mahali ilipokuwa, mikono ya miwani ikielekea kwa msomaji. Akashuka. Akaketi kwenye pengo lake.

"Amina!" alipaza sauti Waziri mwenyewe.

Neno lilipanda mpaka kwenye mabati, likarudi peke yake.

*

Jioni ile Tusekile alimpakulia ndizi na maharage, akakaa karibu naye.

"Nimemkosesha kaburi," alisema Subilaga.

"Kula kwanza, dada yangu. Zinapoa."

"Kule kuna uzio, Tusekile. Atalala kwa watu wasiomjua."

Tusekile akanawa mikono. Alimega ndizi, akampa mkononi kama mtoto, na hakuondoka mpaka sahani ilipokuwa tupu. Ndipo Subilaga akalia, kwa sauti, na mwenyekiti wa kijiji akapita na baiskeli yake, akasimama kidogo barabarani, akashindwa kuingia.

Wizara haikumwonyesha mahali. Ilitatua tatizo lake kwa njia nyingine: Ilundo iliondolewa katika hesabu za taifa, na baadaye katika ramani, ili wastani ushuke. Ukiuliza ofisini utaambiwa hapana kijiji cha jina hilo. Lakini saa ni mali ya serikali na haiwezi kuachwa bila mlinzi, kwa hiyo Bwana Gwandumi hakuhamishwa. Kanuni zinamkataza kutoka kabla ya Amina. Ameanza kuja na blanketi. Kuna wakati akina mama humwona anajifuta macho, na Tusekile, ambaye hajamsamehe, humpelekea chai.

Inasemekana kwamba makanisa mengine nchini bado yanatii zile dakika. Ila wahubiri siku hizi, kabla ya Amina, hunyamaza kidogo, na hakuna anayekohoa.

Ibada Ilundo huanza saa tatu asubuhi. Watu huimba, husali, kisha hukaa na kusikiliza. Subilaga hukaa benchi la mbele, mikono mapajani, na kilemba chake hakigusi.